Waombezi Wenzangu Wanaamini Ninafunga

BARUA

Mshauri, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa miaka 48, mwalimu wa shule ya msingi mjini Morogoro. Nimeolewa na nina watoto watatu ambao sasa ni watu wazima. Kwa miaka sita nimekuwa kiongozi wa kikundi cha waombezi katika kanisa letu. Tuko watu kumi na wanne, wengi wetu akina mama; tunakesha kila Ijumaa, na mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, tunafunga kwa siku 21. Mfungo wetu ni mkavu: tangu kunapokucha hadi saa kumi na mbili jioni hatuli wala hatunywi hata maji, kisha tunakutana kanisani kwa maombi ya saa moja, ndipo kila mmoja anarudi kwake kufungulia.

Miaka miwili iliyopita nilipimwa nikakutwa na kisukari. Daktari alinianzishia vidonge vya aina mbili, metformini na glibenklamidi, akanionya nisiruke mlo hata mmoja. Nyumbani wanajua, lakini kanisani sikumwambia mtu, na sababu yake inaniaibisha. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa zima nikashuhudia jinsi Bwana alivyoniponya shinikizo la damu, watu wakapiga vigelegele. Nilijiuliza ningewezaje kurudi pale pale na ugonjwa mwingine. Isitoshe, mchungaji wetu hufundisha kwamba kila mwombezi ni tofali katika ukuta, na kwamba wakati wa mfungo hata kumeza kidonge ni kula.

Julai ya mwaka juzi nilijikaza nikafunga kama wenzangu. Siku ya nne, nikiwa ndani ya daladala natoka kazini, jasho lilinitoka kama nimemwagiwa maji, mikono ikatetemeka, na kondakta aliponiuliza ninashuka wapi sikuweza kukumbuka. Abiria mmoja nisiyemjua alininunulia soda kupitia dirishani. Binti yangu wa kwanza, ambaye ni muuguzi, alipopata habari hiyo alilia, akaniambia nisirudie tena.

Tangu siku hiyo nakula kwa siri. Alfajiri nakunywa uji nyumbani, saa saba mchana nakula chakula changu ndani ya stoo ya vitabu shuleni, na jioni, kabla ya kuingia kanisani, natafuna biskuti mbili ninazozificha ndani ya mfuko wa zipu wa Biblia yangu. Sijawahi kutamka kwamba nimefunga. Hakuna anayeniuliza; mimi nanyamaza, nao wanaamini.

Januari hii mzigo wetu mkubwa ulikuwa mtoto wa mmoja wetu, wa miaka minne, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo na alikuwa akisubiri tarehe ya upasuaji Dar es Salaam. Siku ya 17 ya mfungo mtoto alifariki. Tulipotoka makaburini mama yake alinishika mkono akasema, "Mama, labda kuna mmoja wetu aliyekula." Sikumjibu. Jumapili iliyofuata mchungaji alihubiri juu ya Akani, aliyeficha vitu chini ya hema lake na kuwaponza Israeli wote.

Siku ya 20, katikati ya maombi, nilifungua Zaburi, chengachenga za biskuti zikamwagika sakafuni. Binti mmoja wa kikundi alipiga magoti karibu nami, akaziokota moja moja kwa ncha ya kidole, akazifunga kwenye leso yake. Hakusema neno siku ile, wala hajasema hadi leo.

Sasa Julai inakaribia, na mchungaji ameniomba niwafundishe waombezi wapya somo la kufunga na kuomba. Mume wangu, ambaye ni Mkatoliki, anasema ninyamaze, kwa kuwa kwao wagonjwa hawabanwi na mfungo na hili halimhusu mtu. Binti yangu anataka nihame kanisa. Mimi mwenyewe kuna usiku ninafikiri kwamba toba ya kweli ni kuacha dawa na kufunga Julai hii siku zote 21, kwa ajili ya mtoto yule. Mama yake anakaa mtaa wa pili kutoka kwetu, na tangu arobaini sijakanyaga kwake. Mwalimu mwenzangu, Mwislamu mwenye kisukari kama changu, kila mwaka kabla ya Ramadhani huenda kumuuliza daktari wake, tena husema wazi mbele ya ofisi nzima mwaka ambao hatafunga. Namwonea wivu.

Je, mimi ni Akani? Je, niseme? Na nikisema, nianze na nani?

Mama Mwombezi, Morogoro

MAJIBU

Amina, mama, asifiwe.

Nitaanza na jambo moja ambalo siwezi kuliacha lisubiri zamu yake, nalo ni wazo linalokujia usiku la kuacha dawa na kufunga siku 21. Mengine yote katika barua yako nitayageuza upande huu na huu pamoja nawe, lakini hilo nakusihi usilifanye kabla ya kuongea na daktari wako. Glibenklamidi hulisukuma kongosho litoe insulini, inayoshusha sukari ya damu, uwe umekula au hujala. Ndiyo maana aliyeimeza na kushinda njaa sukari yake inaweza kushuka chini ya milimoli 4 kwa lita kwenye kipimo, akatoka jasho, akatetemeka, akasahau kituo anachoshuka, na asipopata msaada akapoteza fahamu. Kilichokupata ndani ya daladala kinafanana sana na hali hiyo, na soda ya yule abiria huenda ilifanya kazi kubwa kuliko alivyojua. Ukiacha vidonge vyote nako, sukari hupanda, nayo ina hatari zake. Unachokionea wivu kwa mwalimu mwenzako kiko wazi kwako pia. Madaktari wetu wamezoea kuulizwa swali hilo kwa sababu ya Ramadhani; kuna mgonjwa ambaye hubadilishiwa dawa na saa za kuzimeza, na kuna ambaye huambiwa hapana. Wewe unaweza kuambiwa hapana. Qurani yenyewe, katika sura ya Al-Baqara, imemwekea mgonjwa nafasi ya kufunga siku nyingine, na asiyeweza kabisa alishe maskini. Nataja hilo kwa sababu ninaona mwenzako anakula bila kujificha na bila kujiona ameiacha dini yake, ilhali wewe unakulia stoo.

Sasa nirudi kwenye barua. Nilivyoisoma, umebeba mizigo mitatu ukaifunga kwa kamba moja: kwamba ulikula, kwamba ulificha, na kwamba mtoto alifariki. Kamba uliyoifungia ni Akani. Ningependa tuifungue tuuone kila mzigo peke yake, kwa kuwa sidhani kama ni wa uzito mmoja, wala sidhani kama yote mitatu ni yako.

Akani, katika Yoshua 7, alichukua vazi zuri, fedha shekeli 200 na kabari ya dhahabu kutoka katika vitu ambavyo Mungu mwenyewe alikuwa amevikataza. Kosa lake lilikuwa wizi wa kilichowekwa wakfu. Wewe uliyoyachukua ni bakuli la uji na biskuti mbili, na aliyekukataza ni ratiba ya kikundi. Katika Biblia hiyo hiyo yupo mtu mwingine aliyekula siku ambayo wenzake wote walikuwa wamefungwa kwa kiapo, nami nashangaa kwamba yeye hahubiriwi mara nyingi kama Akani. Ni Yonathani, katika 1 Samweli 14. Mfalme Sauli aliliapisha jeshi lake kwamba alaaniwe mtu atakayekula chakula chochote kabla ya jioni. Yonathani alipita msituni akachovya ncha ya fimbo yake katika sega la asali, akatia kinywani, na maandiko yanasema macho yake yakatiwa nuru. Mtu aliyewahi kuona mgonjwa wa kisukari akirambishwa sukari na kurudiwa na fahamu hawezi kuusoma mstari huo bila kutabasamu. Alipoambiwa habari za kiapo, Yonathani hakulia wala hakujilaumu. Alisema baba yake ameitaabisha nchi, kwa maana askari walikuwa wamezimia kwa njaa. Sauli akataka kumuua, nao watu wakamkomboa.

Hata hivyo nisikupe Yonathani kama dawa ya kupaka, kwa sababu wewe ni mwalimu na utaisoma sura yenyewe hadi mwisho. Utakuta kwamba Mungu hakumjibu Sauli siku ile, na kwamba kura ilipopigwa ilimwangukia Yonathani. Wafafanuzi wamevutana sana hapo, kama ukimya ule ulikuwa juu ya mlaji au juu ya aliyeweka kiapo cha haraka. Utakuta pia tofauti moja kati yako naye: Yonathani hakuwa amesikia kiapo, na alipoulizwa alisema waziwazi, nilionja asali kidogo. Wewe ulikuwa unajua, na umewaacha wenzako waamini jambo ambalo si kweli. Ndiyo maana nauona mzigo wa kwanza na wa pili kuwa mizigo miwili tofauti. Kula kwa mgonjwa aliyeonywa na daktari sioni kama kunahitaji toba. Kunyamaza kwako kunaumiza kwa namna nyingine, na nadhani moyo wako unalijua hilo, kwa sababu katika barua yote hukutumia sentensi hata moja kutetea kula kwako, bali umeeleza kwa urefu jinsi unavyojificha.

Kuhusu ukuta. Picha hiyo imetoka Ezekieli 22:30, ambapo Mungu anatafuta mtu wa kusimama mahali palipobomoka. Ni picha nzito, na mchungaji wako hakosei kuipenda. Lakini mstari huo unazungumza juu ya kusimama kwa ajili ya nchi iliyojaa dhuluma, haumhesabii mtu milo yake. Tena zile siku 21 zina historia yake. Nijuavyo, makanisa mengi yanayozitumia huzichukua kutoka Danieli 10, ambapo nabii alihuzunika majuma matatu kamili. Naye anasema kwamba hakula chakula kitamu, na kwamba nyama na divai havikuingia kinywani mwake. Hakusema kwamba hakula chochote wala kwamba hakunywa maji. Mfungo mkavu upo katika Esta 4, na ulikuwa wa siku tatu, watu wakiwa wamehukumiwa kuangamizwa. Hata ule mstari maarufu wa Mathayo 17:21, kwamba namna hii haitoki ila kwa kusali na kufunga, haumo katika nakala za Kigiriki zilizo za kale zaidi, na ndiyo sababu katika Biblia nyingi umewekwa kwenye mabano au pembeni.

Sisemi haya ili kuudharau mfungo. Nilikua katika nyumba ambayo Ijumaa Kuu jiko halikuwashwa hadi alasiri, na hadi leo ukimya wa jiko lile unanifundisha kuomba kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Wakristo wa kwanza walifunga; maandiko ya kale yaitwayo Didake yanawaagiza kufunga Jumatano na Ijumaa. Waorthodoksi wa Ethiopia wanafunga siku nyingi kwa mwaka kuliko karibu Wakristo wote wengine, tena bila nyama, maziwa wala mayai, na bado mgonjwa kwao huachiliwa. Mume wako naye amesema kweli kuhusu kwao: sheria ya Kanisa Katoliki huwabana kwa mfungo walio kati ya miaka 18 na 59, na mgonjwa hahesabiwi kosa. Watu waliofunga kwa karne nyingi walijifunza mapema kuweka mlango wa dharura. Swali linalonijia ni kama kikundi chenu cha watu kumi na wanne kina mlango huo, au kila mmoja amejichimbia tundu lake la siri.

Kwa kweli, mama, sina hakika kabisa kwamba uko peke yako. Katika watu kumi na wanne, hakuna mwenye vidonda vya tumbo? Hakuna anayemeza dawa kila siku kwa saa maalumu? Hakuna mwenye mimba changa ambayo hajaitangaza? Yule binti aliyeokota chengachenga kwa ncha ya kidole umemsoma kama hakimu anayehifadhi ushahidi. Inawezekana. Inawezekana vilevile kwamba alikuwa anakufunika, au kwamba alizitambua haraka kwa sababu na yeye ana biskuti zake. Sijui, na wewe hujui, kwa kuwa hakuna kati yenu aliyefungua kinywa.

Vivyo hivyo maneno ya mama mfiwa. Umeyasikia kama kidole kilichoelekezwa kwako, lakini aliyasema huku amekushika mkono. Wazazi wengi niliokaa nao msibani huanza kutafuta kosa ndani ya nyumba yao wenyewe: nilichelewa kumpeleka, nilikula kitu gani nikiwa na mimba yake, niliomba kwa imani ndogo. "Mmoja wetu aliyekula" huenda ni yeye, mama aliyekesha hospitalini na mtoto mgonjwa, akanywa chai ya rangi saa nane usiku, na sasa chai ile inamla. Sisemi ndivyo ilivyo. Nasema kwamba umebeba shtaka ambalo hujauliza lilikuwa la nani.

Hapa nafika kwenye mzigo wa tatu. Moyo wa mtoto huundwa katika majuma ya mwanzo ya mimba. Tundu lile lilikuwepo miaka minne na zaidi kabla ya siku ya kwanza ya mfungo wenu. Najua jibu hilo la kitabibu halimtoshi mwombezi, kwa sababu utasema kwamba ndiyo, lakini tulikuwa tunaomba muujiza. Basi tuzungumze kwa lugha ya waombezi. Daudi alifunga siku saba akilala chini kwa ajili ya mtoto wake, na mtoto akafa. Ndipo akanawa, akabadili mavazi, akaingia nyumbani mwa Bwana, akala, akiuliza sasa amekufa, nifungie nini? Utanijibu kwamba sura ile ile, 2 Samweli 12, inasema mtoto alikufa kwa kosa la Daudi. Ni kweli. Lakini Daudi aliletewa neno hilo na nabii Nathani, tena kwa uuaji na uzinzi aliokuwa ameufanya, kabla mtoto hajaugua. Wewe hakuna nabii aliyetumwa kwako. Ulipewa sentensi ya mama aliyetoka kumzika mwanawe, na hubiri lililoandaliwa na mtu asiyejua una kisukari.

Kisha kuna Gethsemane. Yesu aliwaomba watatu wakeshe pamoja naye, nao walilala, si mara moja tu. Kama kuna kikundi cha waombezi kilichovunja zamu, ni kile. Kikombe hakikuondolewa usiku ule, na sijaona mahali popote ambapo Yesu aliwaambia Petro, Yakobo na Yohana kwamba kilibaki kwa sababu yao. Aliwaambia kwamba roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu.

Sasa kuhusu kusema na kutosema. Njia ya mume wako, kunyamaza, inaweza kuonekana kuwa na Mathayo 6 upande wake, kwa kuwa Yesu anataka mfungo uwe siri kati ya mtu na Baba yake. Siri ya Mathayo 6, hata hivyo, ni ya mtu anayefunga na kunawa uso ili asijulikane. Yako inaelekea upande wa pili. Kunyamaza kunakuhifadhia nafasi na amani ya kanisa, na kuna wakati mtu ana haki kabisa ya kutotangaza ugonjwa wake. Hatari ninazoziona ni mbili: ukianguka katikati ya mkesha hakuna atakayejua akupe sukari, atakuwepo tu wa kukemea, na Julai utawafundisha watu wapya kanuni ambayo mwili wako umeshaikataa, na mmoja wao anaweza kuwa mgonjwa kama wewe na asiwe na binti muuguzi.

Kuhama, kama binti yako anavyotaka, kungekupumzisha. Nisingekulaumu. Ila kanisa ulilolitumikia miaka sita haliachwi kama duka, na ukiondoka kimya baada ya msiba ule, nafasi utakayoiacha wazi itajazwa maneno na wengine.

Kumwendea mchungaji faragha, pengine ukiwa na mume wako, kunamhitaji mchungaji anayeweza kutunza siri. Wewe unamjua, mimi simjui. Kama amewahi kufanya siri ya mtu kuwa mfano wa mahubiri, lifikirie hilo kwa uzito. Kama hajawahi, kumbuka kwamba watu wengi ni laini nyumbani kuliko walivyo mimbarani, na huenda ana mama yake anayejidunga insulini. Waweza kwenda kama mgonjwa kabla ya kwenda kama mkosaji, umweleze ulivyo na alichosema daktari, kisha useme kwamba ulificha. Anaweza kukuondoa katika uongozi. Je, hilo ungeliona kuwa hasara, au ungelala usingizi mzito usiku huo? Jiulize kabla hujamgongea.

Njia ya kusimama mbele ya kikundi chote ina mizizi mirefu kwetu. Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 na kuenea Afrika Mashariki uliwafundisha bibi na babu zetu kutembea nuruni, kuungama mbele ya ndugu bila kupaka rangi, na uliwafungua wengi. Lakini nimesikia wazee wa uamsho ule ule wakionya kwamba kuna ungamo linalomtua mmoja mzigo na kumtwisha mwingine. Mama mfiwa atakuwa ameketi pale. Hatakuwa amejiandaa, na watu kumi na wawili watakuwa wanamtazama usoni. Ukiiona hiyo kuwa njia yako, fikiria kama yeye angestahili kusikia kabla yao, au kama angestahili kutosikia kabisa. Kuna ukweli ambao ungemfungua, naye akakwambia habari ya chai yake ya saa nane usiku. Na kuna uwezekano kwamba akashika maneno yako kama jibu alilokuwa akilitafuta, akakuchukia kwa muda mrefu. Siwezi kukuhakikishia lolote kati ya hayo.

Kuna jambo dogo ambalo limenishughulisha kuliko nilivyotarajia. Mara nyingi tunanukuu Yakobo 5:16, tuungamiane dhambi na kuombeana. Mistari miwili kabla ya hapo Yakobo anauliza kama kuna mgonjwa kwenu, na awaite wazee wamwombee. Kikundi chako kimeomba kwa ajili ya moyo wa mtoto, kwa ajili ya matumbo, ndoa, mitihani na viwanja. Kwa miaka miwili kisukari cha kiongozi wake hakijawahi kuwa kwenye orodha. Umewanyima zamu yao. Huenda ulifikiri kwamba ushuhuda wako wa shinikizo la damu umekufungia njia ya kuugua tena, kana kwamba aliyeponywa mara moja amesaini asiugue. Sijui ni nani aliyekufundisha hivyo, au kama ulijifundisha mwenyewe.

Kwa somo la Julai, ukilifundisha, unayo maandiko ya kutosha bila kutaja jina lako: Danieli na chakula chake kisicho kitamu, Isaya 58 inayouliza kama mfungo wako umemgawia mwenye njaa mkate, Yonathani na asali. Waweza kuwauliza wapya kama wana ugonjwa au ujauzito kabla hujawapa ratiba. Tangu mwaka 2023, miili zaidi ya 400 ya waumini, wengi wao wakiwa wamehimizwa kufunga hadi kufa, ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kilifi, nchini Kenya, swali hilo halipaswi kumshtua mchungaji yeyote. Nami silinganishi kanisa lenu na msitu ule hata kidogo. Waweza pia kumwomba mchungaji ampe mtu mwingine somo hilo kwa mwaka huu, ukisema tu kwamba afya haijakaa vizuri, na hilo litakuwa kweli.

Kuhusu nyumba ile ya mtaa wa pili, nafikiri miezi hii umekuwa ukiikwepa kama mdeni anavyokwepa duka. Kwenda kumsalimu hakukulazimishi kuungama. Unaweza kwenda na kilo mbili za unga, ukakaa kwenye mkeka, ukasikiliza anachosema sasa kuhusu siku ile, ukarudi nyumbani ukiwa hujaamua lolote. Shule zinafungwa Juni, na kliniki yako bila shaka ina tarehe. Utakapopata jibu la daktari kuhusu mfungo, hata kama ni lile ninaloliogopa, niandikie.